Tamthilia ya Nora: Ndoa, deni na mlango ambao kila kizazi huufungua upya

Na Mwandishi Wetu

WATAZAMAJI walioingia katika Ukumbi wa Hudson jijini New York, Marekani, mwanzoni mwa mwaka 2023 walimkuta mwigizaji Jessica Chastain akiwa tayari yupo jukwaani. Alikuwa ameketi kwenye kiti, kimya, jukwaa likimzungusha taratibu, huku watu wakitafuta nafasi zao na kuzungumza kana kwamba onyesho halijaanza.

Hapakuwa na sebule iliyopambwa, wala mti wa Krismasi, wala zawadi za watoto. Kulikuwa na viti vichache, ukuta mtupu na waigizaji waliovaa nguo za rangi nyeusi za siku hizi.

Hivyo ndivyo mwongozaji Jamie Lloyd wa Uingereza alivyoamua kuirudisha jukwaani kazi maarufu ya Henrik Ibsen, mwandishi wa Norway, iitwayo kwa lugha ya asili Et dukkehjem na kwa Kiingereza A Doll's House. Maana yake ni nyumba ya mwanasesere, yule mdoli ambaye watoto humvika, humvua na kumpanga watakavyo.

Onyesho hilo, lililotumia maandishi yaliyopangwa upya na mwandishi Amy Herzog, lilizinduliwa rasmi Machi 9, 2023 na kufikia tamati Juni 10 mwaka huo. Liliteuliwa kuwania tuzo sita za Tony, ikiwamo ya onyesho bora la tamthilia ya zamani iliyorudishwa jukwaani.

Hata hivyo, kilichobaki vinywani mwa waliolitazama ni dakika ya mwisho. Mlango mkubwa wa nyuma ya jukwaa ulifunguka, barabara halisi ya jiji ikaonekana, na Nora akatoka akaenda zake.

Mwisho huo ulirudisha swali lenye umri wa zaidi ya miaka 140: mwanamke huyu anapotoka katika nyumba ya mumewe, anakwenda wapi, na ataishi kwa fedha ya nani?

Kisa chenyewe

Tamthilia ina sehemu tatu na matukio yake yanachukua siku tatu za kipindi cha Krismasi. Nora Helmer ameolewa kwa miaka minane na Torvald, mwanasheria ambaye karibuni ataanza kazi ya umeneja wa benki. Wana watoto watatu na nyumba yao inaonekana kuwa na furaha tele.

Torvald humwita mkewe kwa majina ya wanyama na ndege wadogo. Humkataza kula biskuti tamu za lozi, naye huzila kwa kujificha. Anapohitaji fedha humwomba mumewe, na kila senti hutolewa pamoja na mawaidha ya kubana matumizi.

Asilolijua Torvald ni kwamba miaka kadhaa nyuma, alipougua na madaktari kushauri apelekwe katika nchi yenye joto, mkewe ndiye aliyeyaokoa maisha yake. Nora alikopa kroner 4,800 kwa siri kutoka kwa mtu aitwaye Krogstad, wakasafiri hadi Italia, na mumewe akapona akiamini kwamba fedha zile zilitoka kwa baba mkwe.

Tatizo lilikuwa sheria. Katika Norway ya wakati ule, mke hakuwa na uwezo wa kukopa bila ridhaa ya mumewe. Krogstad alitaka saini ya baba wa Nora kama mdhamini, lakini mzee huyo alikuwa mahututi. Nora akaiweka saini hiyo kwa mkono wake mwenyewe, na kwa kutojua akaandika tarehe ya Oktoba 2, ilhali baba yake alikuwa amefariki dunia Septemba 29.

Tangu hapo amekuwa akilipa deni kidogo kidogo, kwa kujibana katika fedha za matumizi ya nyumbani na kwa kufanya kazi ya kunakili maandishi usiku.

Mambo yanaharibika pale Krogstad, mwajiriwa wa benki ileile, anapotaka kufukuzwa kazi na Torvald. Anamwendea Nora na kumtishia kwamba asipomtetea, siri itafichuka. Anashindwa kumtetea, na barua ya kueleza kila kitu inatumbukizwa katika sanduku la barua ambalo ufunguo wake anao Torvald peke yake.

Nora anaamini kwamba mumewe atakapoisoma atasimama na kuubeba mzigo ule kwa niaba yake. Badala yake, Torvald anamshutumu vikali na kumwambia kwamba hafai kuwalea watoto. Dakika chache baadaye Krogstad anairudisha hati ya deni, na Torvald anashangilia kwamba ameokoka. Kisha anamsamehe mkewe.

Hapo ndipo Nora anapomtaka mumewe aketi wazungumze, kwa mara ya kwanza katika miaka minane. Anamwambia kwamba alihama kutoka mikono ya baba kwenda mikono ya mume bila kuwahi kuwa mtu anayejitegemea. Anamrudishia pete, anaacha watoto, na mlango unasikika ukifungwa kwa kishindo.

Saini iliyozaa tamthilia

Ibsen alizaliwa mjini Skien, Norway, Machi 20, 1828, na kufariki dunia Mei 23, 1906. Aliandika maelezo yake ya awali kuhusu kazi hii akiwa Roma mwezi Oktoba 1878, na mwaka uliofuata akaiandika kwa sehemu kubwa akiwa Amalfi, kusini mwa Italia.

Kisa hakikutoka hewani. Ibsen alifahamiana na mwandishi Laura Kieler, ambaye mumewe aliugua kifua kikuu. Laura alichukua mkopo kwa siri ili ampeleke kwenye hali ya hewa ya joto, na mume akapona. Deni lilipomlemea na siri kufichuka, mume huyo alitaka watengane, akamnyang'anya watoto, na Laura akapelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Baadaye walirudiana, lakini kwa maisha yake yote Laura aliumizwa na kutambuliwa kuwa ndiye Nora.

Tofauti ya visa hivi viwili inafaa kuangaliwa. Katika maisha halisi, aliyefukuzwa ni mke. Katika tamthilia, mke ndiye anayeondoka. Ibsen aliigeuza hukumu hiyo, na ndiyo sababu watazamaji wa kwanza walitaharuki.

Kitabu kilitoka Copenhagen, Denmark, Desemba 4, 1879, nakala 8,000 zikiwa za chapa ya kwanza, nazo zikaisha ndani ya mwezi mmoja. Desemba 21 mwaka huohuo tamthilia iliigizwa kwa mara ya kwanza katika Ukumbi wa Kifalme wa mji huo, Betty Hennings akiwa Nora.

Ikumbukwe kwamba Ibsen mwenyewe hakupenda kuitwa mpiganaji wa haki za wanawake. Mwaka 1898, alipoalikwa katika hafla ya chama cha kutetea haki hizo nchini mwake, alieleza kwamba kazi yake ilikuwa kueleza habari za binadamu. Lakini mwaka 1884 alikuwa miongoni mwa waandishi waliounga mkono ombi kwa Bunge la Norway kwamba mke aruhusiwe kumiliki mali yake. Sheria ya kumpa mwanamke aliyeolewa hadhi ya mtu mzima mbele ya sheria ilipita mwaka 1888, miaka tisa baada ya Nora kufunga mlango.

Mlango uliolazimishwa kubaki umefungwa

Historia ya kurudishwa jukwaani kwa tamthilia hii ni historia ya watu kuhangaika na dakika zake za mwisho.

Nchini Ujerumani, mwigizaji mashuhuri Hedwig Niemann-Raabe alikataa kuigiza mwisho ule kwa hoja kwamba yeye asingeweza kuwaacha watoto wake. Kwa kuwa sheria za hakimiliki za wakati ule hazikumlinda mwandishi kutoka nje, Ibsen aliona ni afadhali aandike mwenyewe mwisho mwingine kuliko kuacha wengine waiharibu kazi yake.

Katika mwisho huo, Torvald anamvuta Nora hadi kwenye mlango wa chumba cha watoto waliolala. Nora anaanguka chini, anashindwa kuondoka, na pazia linashuka. Onyesho hilo lilifanyika mapema mwaka 1880. Ibsen hakuficha uchungu wake, akasema hadharani kwamba ni ukatili dhidi ya tamthilia. Baadaye mwisho wa asili ulirejea katika majukwaa ya Ujerumani.

London nako mambo hayakuwa rahisi. Mwaka 1884, Henry Arthur Jones na Henry Herman waliibadilisha hadithi kuwa mchezo walioupa jina Breaking a Butterfly. Humo mume anajitwika kosa la mkewe, ndoa inapona na hakuna anayetoka. Yaani, muujiza ambao Nora wa Ibsen aliungoja bila kuupata, waandishi hao waliuleta kwa kalamu.

Waingereza waliuona mlango ukifungwa kama Ibsen alivyotaka Juni 7, 1889, Janet Achurch alipoigiza Nora katika Ukumbi wa Novelty. Achurch na mumewe, Charles Charrington, kisha walikwenda na onyesho hilo hadi Australia.

Swali la Lu Xun

Barani Asia tamthilia iliwasha moto wa aina yake. Nchini Japani, Matsui Sumako alipata umaarufu mkubwa kwa kuigiza Nora mwaka 1911. Nchini China, jarida la Vijana Wapya lilitoa toleo maalumu kuhusu Ibsen mwaka 1918, na jina la Nora likawa alama ya vijana waliokuwa wakizikimbia ndoa za kupangiwa.

Ni katika hali hiyo ambapo mwandishi Lu Xun, Desemba 26, 1923, alisimama mbele ya wanafunzi wa kike jijini Beijing na kuwauliza nini hutokea Nora akishaondoka. Jibu lake halikuwa la kushangilia. Kwa muhtasari, alieleza kwamba kama Nora hana fedha mkononi, njia zilizopo ni mbili tu: kuangamia mitaani au kurudi alikotoka. Uhuru, alisisitiza, haununuliwi kwa fedha, lakini unaweza kuuzwa kwa ajili ya fedha.

Hoja hiyo inaisogeza tamthilia mahali ambapo wengi husahau kutazama. Kishindo cha mlango ndicho kinachokumbukwa, lakini kurasa zote zinazokitangulia zinahusu fedha: nani anaishika, nani anaiomba, nani ana haki ya kutia saini.

Hata wahusika wengine wamefungwa kwa kamba hiyo. Kristine Linde, rafiki wa Nora, aliolewa na mtu asiyempenda ili aweze kumtunza mama yake mgonjwa na wadogo zake, kisha akaachwa mjane asiye na kitu. Yaya Anne-Marie alilazimika kumwacha binti yake kwa watu ili apate kazi ya kumlea Nora. Kabla mke wa meneja wa benki hajawaacha watoto wake kwa kutafuta uhuru, mtumishi wake alikwishamwacha wa kwake kwa sababu ya umaskini, na hakuna aliyeona ni kashfa.

Maonyesho yaliyotikisa

Wapo waongozaji wengi walioigusa upya kazi hii. Mwaka 1997, onyesho lililoongozwa na Anthony Page lilihamia New York kutoka London, Janet McTeer akiwa Nora mwenye wasiwasi usiotulia na Owen Teale akiwa Torvald. Lilitwaa tuzo nne za Tony, zikiwamo za mwigizaji bora wa kike na onyesho bora la tamthilia iliyorudishwa.

Mwaka 2002 jijini Berlin, Thomas Ostermeier aliihamishia familia ya Helmer katika nyumba ya kifahari ya siku hizi. Akiona kwamba kumwacha mume si jambo la kumshtua mtazamaji wa Ulaya ya leo, alimfanya Nora, aliyeigizwa na Anne Tismer, ampige mumewe risasi.

Mwaka 2012 katika Ukumbi wa Young Vic, London, mwongozaji Carrie Cracknell aliiweka nyumba yote juu ya jukwaa linalozunguka, watazamaji wakaona vyumba vyote na kila anayejificha. Hattie Morahan alisifiwa mno kwa nafasi ya Nora.

Mwaka 2019, mwandishi Tanika Gupta aliipeleka hadithi Kolkata ya mwaka 1879. Nora akawa Niru, binti wa Kibengali aliyeolewa na Mwingereza mtumishi wa serikali ya kikoloni. Katika ndoa hiyo, mke anamilikiwa mara mbili: kama mwanamke na kama mtu wa taifa lililotawaliwa.

Aliyelijibu swali la Lu Xun waziwazi zaidi ni Lucas Hnath wa Marekani, aliyeandika mwendelezo ulioonyeshwa New York mwaka 2017 na kumpa Laurie Metcalf tuzo ya Tony. Miaka 15 imepita, Nora anabisha hodi kwenye mlango uleule. Amefanikiwa kwa kuandika vitabu, lakini amegundua kwamba Torvald hakuwahi kukamilisha talaka. Kwa hiyo mikataba yote aliyoisaini akidhani yu huru ni kosa mbele ya sheria. Saini imemrudisha palepale.

Karibu na nyumbani

Msomaji anaweza kudhani haya ni mambo ya Ulaya ya kale. Sivyo.

Nchini Kenya, A Doll's House ilikuwa kitabu cha lazima katika fasihi ya Kiingereza ya mtihani wa kidato cha nne, KCSE, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2010. Maelfu ya wanafunzi walimjua Nora darasani, na wengi walimwona kupitia vikundi vya maigizo vinavyozunguka shuleni na katika kumbi za miji kuigiza vitabu vya mtihani.

Nchi hiyohiyo, katika kugawa mali ya wanandoa wanaotengana, iliendelea kuitegemea sheria ya Uingereza ya mwaka 1882, iliyotungwa miaka mitatu tu baada ya tamthilia kutoka, hadi ilipopata Sheria yake ya Mali ya Wanandoa mwaka 2013. Sheria hiyo mpya inatambua kwamba kazi za nyumbani na malezi ya watoto ni mchango katika mali.

Tanzania ilitangulia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mwanamume ya kumiliki mali na kuingia mikataba. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke zihesabiwe kuwa ni mchango wake katika mali iliyochumwa pamoja.

Aidha, waandishi wetu wa tamthilia za Kiswahili hawakukaa kimya juu ya ndoa na haki ya mwanamke. Mama Ee ya Ari Katini Mwachofi, ya mwaka 1987, na Natala ya Kithaka wa Mberia, ya mwaka 1997, zinasimama katika uwanja huohuo, zikiwa na mila, mashamba na mashemeji ambao Ibsen hakuwajua.

Kwa nini hairuhusiwi kustaafu

Mwaka 2001, maandishi ya mkono ya tamthilia hii yaliingizwa katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO. Kazi nyingi zikishapewa heshima ya namna hiyo huishia kwenye makabati ya kioo. Hii imekataa.

Sababu si kwamba ndoa zote ni gereza, na Ibsen hakusema hivyo. Katika tamthilia hiyohiyo, Kristine na Krogstad, watu wawili waliopigwa na maisha, wanaamua kuunganisha nguvu zao, na wanafanya hivyo baada ya kuambiana ukweli wote. Hao ndio wanaoingia katika ndoa wakati Nora anatoka. Ibsen aliwapima wote kwa mizani moja: je, watu hawa wawili wanaelezana ukweli, na je, kila mmoja anahesabiwa kuwa mtu kamili?

Ndiyo maana mtazamaji wa onyesho lolote jipya la tamthilia hii angefanya vizuri kuusikiliza mlango, lakini asisahau kuitazama ile hati ya deni. Mwongozaji anaweza kuondoa makochi, mti wa Krismasi na hata kuta, kama alivyofanya Jamie Lloyd. Akiliondoa deni, Nora hubaki mke aliyechoshwa na mumewe tu. Deni likiwepo, hadhira inaona mtu aliyelipa gharama ya uhai wa mwenziwe kwa miaka, mbele ya sheria iliyomhesabu kuwa hana mkono wa kutia saini.

Siku ile New York, mlango wa nyuma ulipofunguka, Nora hakutoka na sanduku wala mkoba. Alitoka alivyo, akapotea katika mwanga wa barabara.